Somo wa Ghorofa ya Nne

Kariakoo, Dar es Salaam
10 Novemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba sikio la kulia bado linakutii, maana la kushoto tulishalisamehe. Mimi sijambo, nakohoa kidogo tu kwa vumbi la mjini. Ng'ombe ameshazaa? Usisahau kunijibu hilo.

Kwanza nikuambie jambo ambalo najua hutalipenda, tulimalize mapema. Mwaka huu chuo kimewapa mabweni wanafunzi wa mwaka wa kwanza peke yao, sisi wa mwaka wa pili tumeambiwa tujitafutie. Kwa hiyo nimehamia Kariakoo, mtaa wa tatu kutoka dukani kwa baba mdogo Heriel. Yeye ndiye aliyenitafutia chumba kabla hajasafiri kwenda China kufuata mzigo. Ukitaka kumgombeza, subiri Januari akirudi.

Nyumba ni ya ghorofa nne. Chini wanauza vitenge, ya kwanza hadi ya tatu ni stoo za wafanyabiashara, na ya nne tuko wanafunzi kumi na mmoja. Nakaa chumba kimoja na Zamzam, msichana wa Lindi anayesomea maabara. Lifti ipo, ila imekufa siku nyingi, tunaiwekea mifagio. Asubuhi hatuhitaji saa ya kutuamsha. Mikokoteni inaanza kupita chini, watu wanapiga kelele "Mzigo huo! Kaa pembeni!", na ukichungulia dirishani unawaona wateja wa Zambia na Kongo wameshajipanga kabla duka halijafunguliwa. Baba, huu mji haupoi. Nilidhani utanichosha, kumbe ndio unanipa nguvu ya kusoma.

Lakini mtu ninayetaka umjue ni Bi Waridi. Anakaa chumba cha kwanza ukimaliza ngazi, na kazi yake ni kupika chakula cha shughuli, harusi na misiba, huko juu kwenye paa. Ni mama wa Kilwa, amepita miaka sabini, anapanda ngazi zile akiwa na kiroba cha mchele kichwani na hahemi. Wiki iliyopita mwenye stoo ya nguo, anaitwa Theophil, alijaza maboksi kwenye ngazi mpaka tukawa tunapita ubavu ubavu. Tulilalamika siku tatu, hakutusikia. Bi Waridi alishusha jiko lake akaliweka pale pale kwenye ngazi, akaanza kukaanga vitunguu vya pilau ya watu mia. Theophil akaja mbio, "Bibi, nguo zangu zitanuka!" Bi Waridi akamjibu kwa upole, "Baba, nami sina pa kupita, nipikie wapi?" Ngazi ilikuwa nyeupe kabla vitunguu havijawa vyekundu.

Kwa kifupi, baba, usiwe na wasiwasi nami. Nimepata somo huku Kariakoo, ananifundisha mambo mengi ambayo chuoni hayapo.

Mtoto wako,
Severa


Useri, Rombo
24 Novemba 2024

Kwako Binti Severa R. Shirima,

YAH: KUHAMIA KARIAKOO, NA MATUMIZI MABAYA YA LUGHA

Marahaba. Mimi ni mzima, na sikio la kulia nalo ni zima ukisimama upande huo. Ng'ombe amezaa ndama jike tarehe 14, saa tatu asubuhi. Wote wanaendelea vizuri.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Rejea barua yako ya tarehe 10 Novemba.

Kuhusu jambo la kwanza, sikufurahi. Nimekuwa karani wa kata miaka thelathini na minne, na watu waliokuwa wakihama kwanza halafu wakaja kuomba kibali niliwarudisha walikotoka. Nimezungumza na Paroko. Hosteli ya masista huko Dar itakuwa na nafasi moja kuanzia Januari, nami nimekuandikisha. Pale pana geti, pana sala ya jioni, na hakuna anayekaanga vitunguu kwenye ngazi. Hata hivyo nakiri kwamba habari ya huyo Theophil niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea jirani.

Kuhusu jambo la pili, umeandika "nimepata somo, ananifundisha." Somo ni neno la ngeli ya LI-YA. Somo hufundishwa, halifundishi. Nimeisahihisha barua yako yote kwa wino mwekundu na ninaiambatanisha. Una makosa manne. Sikukulipia shule ili Bongo wakuharibie Kiswahili. Nijulishe ni somo gani hilo na mtihani wake ni lini.

Nakutarajia Krismasi. Ukiweza kuja na kilo mbili za mchele wa huko, vizuri, ukishindwa njoo mikono mitupu. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja.

Ndizi mshare zilizomo kwenye kiroba nilichotuma na barua hii kwa basi ni zako, wagawie na hao kumi.

Baba yako mzazi,
A. Shirima


Kariakoo, Dar es Salaam
8 Desemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na ndama wako? Sisi huku wazima, ndizi tumezimaliza siku mbili. Bi Waridi alizipika kwa nazi. Najua umekunja uso, lakini ungeonja ungenyamaza.

Baba, barua yako nimeisoma kwa sauti chumbani, Zamzam amecheka mpaka ametoka machozi. Somo ni mtu! Somo yangu ni Bi Waridi. Ni neno la watu wa Pwani, na hapa ghorofani tunalisikia kila siku mpaka nimesahau kwamba kwetu halipo. Maana yake sikuambii, kwa sababu umenipa makosa manne kwa wino mwekundu. Muulize Mwalimu Shukuru pale sekondari, si ni mtu wa Lindi? Akikueleza utafurahi, hasa wewe.

Nikupe habari zake kidogo. Huyu mama hana mizani wala kikombe cha kupimia, wala hafunui sufuria kuangalia. Wali ukiwa jikoni anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anainamisha kichwa karibu na mfuniko, anasikiliza. Anasema maji yana sauti yao, na yakikauka wali unaongea sauti nyingine. Sufuria sita kwa mpigo, baba, na anaweza kukwambia ya tatu bado na ya tano tayari. Nimejaribu kusikiliza, nasikia tu honi za barabarani. Juzi usiku wa kuamkia jaribio alituona tumekata tamaa na vitabu, akasema hatulali wala hatusomi mpaka kila mmoja amweleze yeye alichojifunza wiki nzima, kwa Kiswahili cha kueleweka. Nikamweleza jinsi ya kupanga majalada ya ofisi ya serikali. Aliniuliza swali ambalo mhadhiri wangu hakuwahi kuniuliza: "Na jalada la mtu aliyekufa mnaliweka wapi?" Nikaenda kulitafuta jibu, na likaja kwenye jaribio. Namheshimu sana mama huyu, sijui nikuelezeje.

Kuhusu Krismasi, naomba unisamehe, sitapanda. Nina mtihani tarehe 3 Januari, halafu tarehe 27 mwezi huu tuna harusi. Somo yangu amesema nisikose kwa lolote, nitakuwa ubavuni pake toka alfajiri mpaka mwisho wa shughuli. Ameninunulia doti ya kanga na kunishonea dera la siku hiyo. Nimeshampa ahadi yangu, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ahadi haivunjwi.

Kuhusu hosteli ya masista, tuongee, usiamue peke yako.

Mtoto wako akupendaye,
Severa


Useri, Rombo
16 Desemba 2024

Severa,

YAH: HARUSI

Mimi sijambo kwa mwili.

Nilimuuliza Mwalimu Shukuru kama ulivyoelekeza. Nilimkuta stendi anasafiri kwenda kwao likizo, na kwa kuwa gari lilikuwa limewashwa ilibidi nimuulize kwa nguvu, abiria wote wakanigeukia. Alishuka akanijibu sikioni. Alipoamua kuninong'oneza mimi, mtu ambaye watu wote hunipigia kelele, nikajua jambo si dogo.

Amesema kwao Lindi somo ni mama mtu mzima anayekabidhiwa binti, akamfunda mambo ya unyumba, na siku ya harusi habanduki ubavuni mwa bibi harusi mpaka mwisho.

Nilirudi nyumbani nikaisoma upya barua yako. Anakufundisha mambo ambayo chuoni hayapo. Tarehe 27 mna harusi. Utakuwa ubavuni pake toka alfajiri. Amekununulia kanga, amekushonea nguo ya siku hiyo, na umeshatoa ahadi. Kisha unaniambia nitafurahi!

Harusi ya nani, Severa? Ni nani huyo, ni wa wapi, na mbona hapa haijafika hata barua ya posa? Au mimi nimeshakuwa kiziwi wa kiasi kwamba mtoto wangu anaozwa nisijue?

Mama yako alipokuwa anafariki alinishika mkono akaniomba jambo moja tu, kwamba uvae joho. Hakuomba kingine. Nimekaa na jambo hilo miaka tisa.

Kwa hiyo naagiza kama ifuatavyo. Hakuna harusi. Panda gari urudi nyumbani na mizigo yako yote, hosteli ya masista nayo isubiri, na chuo basi mpaka ukoo utakapokaa tarehe 1 Januari tuamue. Sitaki simu wala ujumbe wa simu, unajua sisikii na sisomi vile viherufi. Sitaki pia maelezo. Njoo.

Baba yako


Kariakoo, Dar es Salaam
18 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Hali yako siulizi, najua si nzuri, na yangu imekuwa kama yako tangu saa nne leo nilipoifungua barua yako pale dukani kwa baba mdogo. Nimekupigia simu mara sita. Mara zote sita umesema "Haloo, haloo, andika barua" ukakata. Mwalimu Shukuru hapatikani. Basi naandika, na ninaipeleka stendi mwenyewe sasa hivi.

Siolewi. Sina mchumba, sijaposwa, hakuna mtu. Harusi ya tarehe 27 ni ya watu wa Ilala, familia ambayo wala siijui. Bi Waridi amepewa kupika chakula cha watu mia tatu, na mimi ni msaidizi wake. Dera ni sare ya wapishi, Zamzam naye anayo. Ubavuni pake ni kwenye masufuria!

Na somo. Alichokuambia Mwalimu ni kweli, ndiyo maana mojawapo. Lakini ipo nyingine, na ndiyo niliyotaka uisikie. Somo ni mtu mnayeitwa jina moja, sisi tungesema wajina. Siku niliyohamia, Zamzam alikuwa anaandika majina yetu ya zamu ya usafi ukutani. Bi Waridi akamwambia amsomee. Alipofika "Severa Rosa", Bi Waridi akauliza Rosa ndiyo nini. Nikamwambia ni jina la bibi yangu mzaa baba, ni jina la ua. Ua gani? Nikafikiri, nikamwambia, ua la waridi. Baba, yule mama aliweka mwiko chini akaja kunikumbatia mbele ya watu wote. "Basi mimi na wewe ni masomo!" Tangu siku hiyo chakula chake cha kwanza kinachoiva ni changu, na nikikosea, fimbo yake ya maneno ya kwanza ni yangu pia. Nilijua ukisikia kwamba jina la mama yako limenipatia mama huku mjini, utafurahi. Ndiyo maana nilikuchokoza uende ukaulize. Nimekosa, nilipaswa kukueleza mwenyewe.

Lakini na wewe umekosa, na nitalisema kwa heshima zote. Ulipopata shaka hukuniuliza mimi, mtoto uliyenilea mwenyewe tangu nina miaka kumi na mbili. Uliamua, ukaandika "chuo basi". Neno hilo nimelisoma nimesimama, ikabidi nikae juu ya katoni za vikombe. Baba, kusoma ndicho kitu pekee nilicho nacho.

Sitapanda na mizigo. Nitafanya kazi niliyoahidi tarehe 27, nitafanya mtihani tarehe 3, na baada ya hapo nitakuja kupiga magoti mbele ya ukoo mzima ukitaka. Nakuomba usiwaite kabla hujaisoma barua hii.

Mtoto wako,
Severa


Kariakoo, Dar es Salaam
31 Desemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Naamini ulifika salama, na kwamba miguu haikuvimba kwa safari mbili ndani ya siku tatu. Sisi tuko salama. Bi Waridi anakusalimu, ameagiza niandike hivi hivi: "Mwambie mikono yake ni mizuri kwa saumu."

Asubuhi ile ya tarehe 27 bado naiona. Nilitoka sokoni na tenga la nyanya, nimefika juu ya paa, namkuta baba yangu mzazi, ndani ya koti la kanisani na tai, amekaa kwenye ndoo anamenya vitunguu saumu. Miguu yangu iliniambia nikimbie. Wewe ukanitazama ukasema, "Umechelewa na nyanya." Ni hilo tu! Zamzam aliniuliza yule mzee ni nani, nikampa tenga alishike.

Halafu siku nzima ukafanya kazi. Nimekuona ukipepea mkaa. Nimekuona umevua tai ukaifunga kichwani kuzuia jasho. Tulipojipanga kwenye ngazi kushusha masufuria, toka ghorofa ya nne mpaka kwenye gari, wewe ulisimama pale kwenye kona ngumu ya ghorofa ya pili, na Theophil alipotaka kupita na mzigo wake ulimwinulia mkono mmoja kama unasimamisha msafara wa waziri. Akasubiri. Wanafunzi wote wanakusifia mpaka leo, wanakuita Mzee wa Kona. Baba, nimezoea kukuona mahali ambapo wewe ndiye unajua na wengine ndio wanauliza. Siku ile nilikuona unaelekezwa, na unatii, na sijawahi kujivunia baba yangu kama siku ile.

Lakini usiku ulikula sahani mbili za pilau, ukanishika kichwani, ukaenda kulala gesti, na alfajiri ukapanda gari. Hukusema ndiyo wala hukusema hapana. Barua yangu ya tarehe 18 sijui kama uliipata. Nimeogopa kukuuliza, na Bi Waridi nikimuuliza mlizungumza nini kabla sijafika ananiambia, "Hayo ni ya wakubwa."

Naambatanisha fomu ya chuo ya wanafunzi wanaoishi nje. Sehemu A ni yangu, nimejaza. Sehemu B ni mzazi akubali mahali ninapoishi, na sehemu C ni mlezi wangu hapa Dar. Mwaka jana mlezi alikuwa baba mdogo, lakini wanataka mtu anayekaa karibu nami kila siku, kwa hiyo nimepaacha wazi. Ofisi inaitaka kabla ya tarehe 15 Januari, na asiyerudisha hafanyi mitihani ya mwisho wa muhula. Nimesikia ile nafasi kwa masista bado ipo. Ukiandika huko nitakwenda, baba. Nitalia, lakini nitakwenda. Ukiiacha tupu, ndiyo chuo basi kweli.

Nasubiri neno lako. Heri ya mwaka mpya.

Mtoto wako,
Severa


Useri, Rombo
9 Januari 2025

Kwako mama yangu Severa Rosa,

YAH: MAMBO YALIYOTOKEA JUU YA PAA KABLA HUJAFIKA NA NYANYA

Marahaba mama. Heri ya mwaka mpya nawe pia. Mimi ni mzima, miguu ilivimba siku moja tu. Ndama anakula majani sasa.

Barua yako ya tarehe 18 niliikuta ofisi ya basi tarehe 28, nilipokuwa narudi. Ilikuwa chini ya mizigo ya Krismasi siku zote hizo. Kwa hiyo nilikuja Dar sijui lolote, na ni vizuri ujue nilikuja kufanya nini. Nilikuja kukuchukua. Tarehe 26 gari lilikuwa na abiria tisa. Wachaga wote wako nyumbani kwao, mimi peke yangu naelekea Dar. Kondakta aliniuliza kwa upole kama nimefiwa. Nilikuwa na hotuba niliyoipanga kuanzia Korogwe mpaka Kibaha, na kila nilipoirudia iliongezeka ukali. Nililala gesti, asubuhi nikavaa koti na tai, nikaulizia njia, nikapanda zile ngazi zenu.

Nilipofika juu nilimwona mama mmoja mwembamba katikati ya moshi na masufuria sita, nikajua ndiye. Ni mkubwa wangu kwa miaka kumi hivi, anastahili shikamoo. Nikamnyima kwa makusudi. Nilisema, "Hujambo mama." Akajibu, "Marahaba," akanipa kisu na beseni la saumu.

Nilitaka kumwambia mimi si kibarua. Lakini alikuwa ameshageuka, na kisu nilikuwa nimeshakipokea. Nikakaa.

Akaniuliza kitu, sikusikia. Nikafanya kama kawaida yangu, nikatikisa kichwa kukubali. Wewe unajua nimekubali mambo mengi hapa kijijini kwa namna hiyo, mengine yamenigharimu. Hakurudia kwa kelele kama watu wanavyonifanyia, mpaka mtu unaona aibu mbele ya wengine. Alinitazama mara moja tu, akachukua ndoo yake, akaihamishia upande wangu wa kulia, akaendelea kuongea kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake. Severa, nimekuwa nikipoteza masikio miaka sita sasa. Paroko ananipigia kelele, Heriel anapiga kelele, daktari mwenyewe wa masikio alinipigia kelele. Yule mama ilimchukua dakika moja kujua, na hakusema neno lolote kuhusu hilo. Hotuba yangu ilianza kupungua hapo.

Akawa ananieleza sauti ya wali. Nikamwambia, hayo mimi siyawezi tena. Akakunja kitambaa, akakiweka juu ya mfuniko, akauchukua mkono wangu akauweka pale. "Basi wewe shika." Mfuniko ulikuwa unatetemeka chini ya kiganja. Nikangoja. Ukawa unatetemeka kidogo kidogo, halafu ukatulia. Nikamtazama, nikasema, "Sasa?" Akasema, "Sasa." Tukapalia makaa juu. Sufuria mbili za wali uliokula mchana ule ni mimi niliyeamua zimeiva, na sitaki ulifiche hilo kwa wenzako.

Ndipo nikamuuliza kama yeye ndiye somo wa Severa. Akasema ndiye. Nikamuuliza, anamfunda nini mtoto wangu? Akanitazama. Alikuwa hajajua mimi ni nani mpaka hapo. Hakushtuka. Alisema, "Namfunda kumaliza alichoanza. Kuolewa ataolewa akitaka mwenyewe, lakini usomo wetu si wa huko, ni wa jina. Yeye Rosa, mimi Waridi." Kisha akauliza, "Hilo jina nani alimpa?"

Nikamwambia ni mimi, ni jina la mama yangu.

Akaweka mwiko chini. "Kumbe wewe ni mtoto wa somo yangu," akasema. "Basi ungeanza na shikamoo, mwanangu."

Nilisimama, Severa. Nilisimama na beseni la saumu mkononi, nikampa shikamoo yake. Akasema marahaba kwa mara ya pili, na hii ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mama yangu nilimzika mwaka 1998. Tangu siku hiyo nimeitwa baba, nimeitwa mzee, nimeitwa karani, nimeitwa babu na watoto wa shule. Hakuna aliyewahi tena kuniita mwanangu. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu wa miaka sitini na moja anaweza kuitwa hivyo. Ulipotokea na tenga lako nilikuwa najitahidi kuonekana nalizwa na saumu, ingawa saumu hailizi mtu. Ndiyo maana nilisema habari ya nyanya. Na ndiyo maana usiku sikusema kitu, kwani ningefungua mdomo ningelia mbele ya wanafunzi kumi na mmoja.

Nimeisoma barua yako ya tarehe 18 mara nyingi. Umesema nilikosa, kwa kuwa niliamua kabla ya kukuuliza. Ni kweli nilikosa. Nilitaka kutunza ahadi niliyompa mama yako, na kidogo niivunje kwa mikono yangu mwenyewe. Nisamehe, mama. Kikao cha ukoo nilikifuta niliporudi, na masista nimewaandikia wampe nafasi binti mwingine.

Fomu yako ninairudisha. Sehemu B nimekubali. Sehemu C, mlezi wa mwanafunzi akiwa Dar es Salaam, nimejaza: Waridi binti Kitwana, ghorofa ya nne, Kariakoo. Chini yake wameuliza uhusiano wake na mwanafunzi, wakaacha nafasi ndogo ya maneno matatu. Pale nilikaa na kalamu tangu chai ya saa nne mpaka jua limefika utosini. Miaka thelathini na minne nimejaza fomu za kata nzima, na wengi walinibembeleza niandike uhusiano usiokuwepo, wengine wakalia, nikawakatalia wote.

Nimeandika: bibi, mzaa baba. Nimetia saini.

Baba yako